Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyeingia Katika Santuri

Sikutarajia hata kidogo kwamba makala haya yangezaliwa Nunguni. Mtu wa pwani akiiacha barabara kuu iendayo Nairobi na kuanza kuipanda milima ya Kilungu, hujikuta katika nchi ya ukungu na baridi, ambako koti si pambo bali ni dawa. Nilikwenda huko kumzuru rafiki yangu, mwalimu mstaafu, na siku ya soko tukatoka pamoja kununua maparachichi.

Kando ya soko palikuwa na kibanda cha kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuwatilia watu nyimbo katika simu zao. Mteja huja na simu, hulipa kidogo, akaondoka na nyimbo mia. Kijana mwenyewe ni mpenzi mkubwa wa muziki. Alinieleza, kwa adabu zote za kijana mbele ya mzee, kwamba yeye hupenda albamu mpya za wanamuziki wa ng'ambo wanaojirekodi wenyewe pasi na kampuni kubwa, na zaidi wale wa mtindo uitwao saikedelia, ambao magitaa yao huzungushwa katika mitambo mpaka yakalia kama yaliyo chini ya maji. Kila wiki yumo mbioni kutafuta kipya. Akaniuliza kama mimi, mtu wa magazeti, naijua albamu yoyote mpya inayostahili kusikilizwa.

Kabla sijamjibu, spika yake ilibadilisha wimbo. Ikatoka sauti ya mwanamke, kali na nyembamba, ikipita katikati ya mchakato kama wa mafuta yachemkayo kikaangoni. Nyuma yake lilisikika udi. Kijana aliniomba radhi akataka kuuruka wimbo ule. Alisema aliupata katika furushi la nyimbo zisizo na majina, naye aliuweka kwa sababu ya ugeni wake, akidhani ni wa mmoja wa wanamuziki wapya wanaoichafua sauti kwa makusudi ili ipendeze.

Nilimshika mkono asiuruke. Sauti ile niliijua tangu utotoni, kwani bibi yangu mzaa mama alikuwa na sahani mbili za mwimbaji yule, akizifunika kwa kitambaa kama msahafu. Nilimwahidi kijana kwamba nitayaandika maisha ya mwenye sauti hiyo. Ahadi ni deni, na leo nalilipa.

MTOTO ALIYEITWA MTUMWA

Katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, alizaliwa mtoto wa kike karibu na mwaka 1880. Baba yake, mzee Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake asili yake Uzigua. Mtoto akapewa jina la Mtumwa, nalo jina hilo halikuwa la mzaha. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado umesimama, na watu walioitwa kwa majina ya namna hiyo walijua mahali walipowekwa katika jamii.

Hapa nataka nimwonyeshe kijana wa Nunguni jambo lililo karibu na mlango wake. Chini ya milima ya Kilungu, katika njia ya reli, upo mji wa Sultan Hamud. Kila siku watu wa Makueni hulitaja jina hilo, na wachache hukumbuka kwamba ni jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hadi 1902. Ndiye aliyetia sahihi, tarehe 6 Aprili 1897, amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja, akiwa chini ya shinikizo la Waingereza. Siku hiyo binti wa Fumba aliyeitwa Mtumwa alikuwa na umri wa kiasi cha miaka kumi na saba.

Sheria ilibadilika, lakini chungu kilibaki chungu. Jamaa zake walikuwa wakulima na wafinyanzi, naye aliilea kazi hiyo mikononi mwake. Wakamba nao wana mabingwa wao wa kufinyanga, nao ni wanawake, kwa hiyo msomaji wa Ukambani haihitaji kuelezwa taabu yake: kuuchimba udongo, kuukanda, kuusimamisha, kuukausha, kuuchoma, na mwisho kuomba usipasuke. Kisha huja taabu ya pili, nayo ni kuuza.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naona kwa mfinyanzi maskini methali hiyo haina huruma, maana hata chungu kizuri kisipotembezwa hakinunuliwi. Mtumwa binti Saad alijitwika vyungu kichwani, akatembea mwendo wa kiasi cha maili kumi mpaka mjini, akinadi bidhaa yake njiani. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona, na kwamba waliokuwa ndani ya nyumba walitoka mlangoni kwa ajili ya sauti, wakaishia kununua chungu. Hakusoma chuoni wala shuleni. Shule yake ya sauti ilikuwa njia ya Fumba na jua la mchana.

MJINI UNGUJA

Mwaka 1911 aliliacha shamba akahamia mjini. Wakati huo taarabu ilikuwa starehe ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeipa nafasi katika kasri yake, akampeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 likazaliwa kundi la Nadi Ikhwan Safaa, ambalo lipo hata leo. Wanachama wake walikuwa wanaume, na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Mswahili wa kawaida aliweza kuifurahia sauti, lakini maneno yalipita juu ya kichwa chake kama ndege.

Katika kundi hilo alikuwamo mtu aliyeitwa Ali Muhsin. Huyu alimsikia mwanamke wa Fumba, akatambua kwamba amekutana na kitu ambacho hakijapata kusikika. Alimfundisha ghani za Kiarabu na namna ya kufuatana na ala, akamjulisha kwa wapiga muziki wenzake. Hivyo ndivyo alivyokutana na Subeit bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Basi tumtajapo mwanamke huyu tusiwasahau wanaume hao waliokaa nyuma yake na udi, fidla, dumbaki na rika, na waliokuwa wakishirikiana naye kutunga.

Mjini ndiko alikopata jina jipya. Aliyezaliwa Mtumwa akaitwa Siti, neno la Kiarabu la kumtukuza bibi mwenye heshima. Katika lugha yetu hakuna umbali mrefu kuliko ule uliopo kati ya majina hayo mawili, naye aliutembea wote kwa miguu.

Haikuwa njia ya maua. Walikuwapo waliomcheka kwamba ametoka shamba na nguo moja, kwamba hana nasaba wala sura, na kwamba pasipo sauti hiyo asingekuwa na cha kula. Kejeli hizo zilitiwa katika nyimbo zikaimbwa mitaani. Siti hakugombana na mtu. Alijibu kwa wimbo, akaitetea akili mbele ya sura na nasaba, na jibu lake ndilo lililodumu, ilhali waliomcheka leo hatuyajui hata majina yao.

Alikaribishwa majumbani mwa matajiri na katika kasri, akaimba kwa Kiarabu na hata Kihindi. Lakini maskani yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, mtaa wa wachukuzi, wavuvi, wachuuzi na watu waliokuwa watumwa jana. Usiku kazi zikiisha, watu walikusanyika kwake kusikiliza na kuzungumza. Huko Kiswahili ndicho kilichotawala, na habari za siku hiyo ndizo zilizogeuka kuwa beti.

BOMBAY, 1928

Mwezi wa Machi mwaka 1928 jambo kubwa lilitokea. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, wenye ile chapa ya mbwa anayesikiliza pembe ya santuri, iliwachukua Siti na wenzake kwenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi. Yeye huhesabiwa kuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika ya Mashariki ambao sauti zao zilitiwa katika santuri na kuuzwa madukani.

Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi, yafaa nieleze jinsi chombo chenyewe kilivyokuwa. Sahani ya santuri ilitengenezwa kwa utomvu mgumu, nyeusi, nzito, nayo ikianguka ilivunjika kama sahani ya chakula. Ilizunguka mara 78 kwa dakika moja. Mashine yake haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, na sindano ya chuma ilipita katika mifuo ya sahani ikaitoa sauti. Sindano ililika upesi, na kila ilipopita iliichubua sahani kidogo. Ule mchakato uliomfurahisha kijana wa Nunguni, basi, haukutiwa na fundi kwa makusudi ya urembo. Ni alama za masikio ya watu. Sahani iliyochakaa ni sahani iliyopendwa.

Wakati huo maikrofoni ilikuwa imeanza kutumika katika kurekodi miaka mitatu tu iliyopita, mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alilazimika kuipigia kelele pembe. Siti alibahatika kufika wakati ambapo chombo kilikuwa kimeanza kusikia hata pumzi.

Lakini palikuwa na sharti moja zito. Upande mmoja wa sahani ulichukua muda wa dakika tatu na kidogo tu, na wimbo wa taarabu huweza kuchukua nusu saa, kwa kuwa hadhira hutaka ubeti urudiwe, na mwimbaji huongeza anavyopenda. Sasa ilibidi kuchagua ubeti upi uende na upi ubaki. Mimi niliye mtunzi wa mashairi naifahamu taabu hiyo, maana mizani na vina navyo ni sanduku dogo, na lisiloingia huachwa nje hata likiwa zuri. Naamini sanduku hilo dogo la dakika tatu halikuwadhuru. Liliwafundisha kusema jambo mara moja likasikika.

Sahani zilipofika Unguja na bara, zilinunuliwa kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Siti na wenzake waliitwa tena kurekodi, na kati ya 1928 na 1930 nyimbo zilizotiwa katika santuri na kundi lao zilipita 250. Inahesabiwa kwamba kufikia mwaka 1931 sahani 72,000 hivi za kampuni hiyo zilikuwa zimekwisha uzwa katika Afrika ya Mashariki. Na sahani moja haikusikilizwa na mtu mmoja. Mwenye mashine aliiweka barazani, na mtaa mzima ukawa hadhira yake. Kwa njia hiyo mtu aliyekuwa hajaiona bahari alimsikia mwanamke wa Unguja akisema Kiswahili ndani ya kisanduku, na Kiswahili kikapanda bara pamoja na sauti yake.

NYIMBO ZILIZOKUWA GAZETI

Huenda msomaji akadhani kwamba watu walinunua sahani hizo kwa sababu ya ajabu ya mashine. La. Ajabu ya mashine huisha kwa mwezi mmoja. Walinunua kwa sababu nyimbo zilisema mambo yaliyowahusu, na ambayo hapakuwa na mahali pengine pa kuyasema. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890. Maskini wengi wa Ng'ambo hawakujua kusoma, na mahakamani neno lao lilikuwa jepesi.

Chukua kisa cha Kijiti. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Akachukuliwa kwenda starehe, na huko mtu aliyeitwa Kijiti akamtenda uovu na kumwua. Muuaji alivuka bahari akatokomea bara. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake wenyeji wa marehemu, waliokwenda kutoa ushahidi, ndio waliotiwa hatiani wakafungwa. Mwenye damu mikononi akawa huru, na waliosema kweli wakalala gerezani.

Siti aliuimba mkasa huo, ukatiwa katika santuri, na santuri ikaenda kila mahali. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Hakimu alikuwa amekwisha funga faili lake, na kwa serikali mambo yalikuwa yameisha. Lakini kila mara sindano ilipowekwa juu ya sahani ile, kesi ilisikilizwa upya mbele ya mahakama ya baraza, na Kijiti akatiwa hatiani tena. Hata leo, kwa kuwa nimelitaja jina lake hapa, anahukumiwa.

Ziko nyingine pia. Aliimba juu ya karani aliyetumia kalamu yake kuwaibia wasiojua kusoma, mpaka naye akaishia kifungoni na kazi ngumu. Aliimba juu ya wanaume wanaowapiga wake zao. Yeye mwenyewe hakujua kusoma, lakini aliwaandikia wasiosoma gazeti lao, nalo lilisomwa kwa masikio.

Walikuwapo wakati huo, na wapo hata sasa, walioona haya mwanamke kuimba mbele ya watu. Mimi nililelewa chuoni, nikakaa mkekani na juzuu mkononi, na hoja zao nazijua. Lakini chuo hicho hicho kilinifundisha kwamba kuificha shahada ya kweli ni dhambi. Yule mwanamke wa Dar es Salaam hakuwa na shahidi aliyebaki huru isipokuwa wimbo.

MIAKA YA MWISHO

Miaka ya 1930 ilikuja na dhiki ya uchumi duniani kote, na biashara ya santuri ikapungua. Siti aliendelea kuimba, na wadogo waliendelea kuja kumsikiliza. Mmoja wao alikuwa msichana aliyeitwa Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Huyu alizichukua nyimbo za Siti kwa sikio, akazipeleka Ulaya na Asia katika uzee wake, mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013.

Karibu na mwisho wa maisha yake Siti alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, ambaye aliyasikiliza maisha yake na kuyaandika katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Mshairi aliyekuwa na dunia nzima ya kuchagua wa kumwandika, alimchagua mfinyanzi. Tarehe 8 Julai 1950 Siti aliiaga dunia. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980, waliliita Sauti ya Siti.

JIBU LANGU

Sasa nirudi kibandani Nunguni, kwani kijana bado anangoja jibu. Simkatazi kutafuta albamu mpya, wala siidharau saikedelia yake. Mwaka 1928 Siti naye alikuwa kitu kipya, cha ajabu, kilichotoka katika mashine isiyoeleweka, na lau wazee wa wakati huo wangeziba masikio kwa sababu ya ugeni, sisi tungerithi kimya. Anayetafuta sauti mpya kila wiki anafanya kazi ile ile aliyoifanya Ali Muhsin.

Ninachomwomba ni kwamba aongeze swali moja katika mizani yake. Asiulize tu kama sahani ni mpya au ngeni. Aulize pia inamsemea nani. Wakamba hawahitaji kufundishwa swali hilo na mtu wa pwani, kwa kuwa nyimbo zao tangu kale zimemtaja mkosaji hadharani akaona haya. Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers walipoimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, katika miaka ya 1970 na 1980, sahani zao ndogo zilikuwa zikipita katika njia iliyofunguliwa na zile nzito za 1928. Naye Kakai alifariki mwaka 1987, angali kijana.

Na jambo la mwisho ni la haraka, maana haliwezi kungoja. Sahani huvunjika. Katika masanduku ya wazee wa Kilungu, kama katika yale ya Mombasa na Unguja, bila shaka zimo santuri ambazo wajukuu huziona takataka. Za bibi yangu sizioni tena. Alipofariki, nyumba ilisafishwa kwa haraka, na sahani zile mbili zikatupwa pamoja na vigae. Mimi nilikuwapo, nikiwa mkubwa wa kutosha kusema neno, nisiseme. Tangu siku hiyo sijajua ni nyimbo gani zilikuwa upande wa pili, kwani bibi aliupenda upande mmoja tu.

Kijana wa Nunguni ana mashine ya kunakili sauti, na ana wateja wanaotoka kila kilima. Basi na awaulize bibi zao wana nini chini ya vitanda. Na ule wimbo usio na jina katika furushi lake, leo auandikie jina: Siti binti Saad, wa Fumba.